Kitambaa cha Kumi na Mbili

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo iwe ya kwanza, kabla sijaanza kupayuka. Sisi hatujambo. Shemeji yako amestaafu tangu mwezi uliopita, na sasa anasimamia jiko langu kama alivyosimamia bohari: jana ameniuliza ni nani aliyeruhusu vijiko vikae pamoja na uma. Mjukuu ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Mwanao, kitinda mimba wangu, amepandishwa cheo benki, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Jumamosi aliniambia, "Mama, leo vaa vizuri, nakupeleka mahali pa watu." Nikamwambia mimi si mtu wa baa. Akacheka. "Ni baa na mkahawa, Mama. Kuna juisi pia. Hakuna atakayekushika pua akunyweshe." Basi nikavaa lile gauni la kijani ulilonishonea. Tulifika saa kumi alasiri, tukashuka kwenye teksi, nikainua macho.

Dada, ni kule dobi.

Ukuta wa mbele wameubomoa, wameweka kioo kutoka chini hadi juu. Tulipokuwa tukipanga mabeseni sasa pana makochi ya rangi ya chungwa. Mabomba ya mvuke hawakuyaondoa. Wameyapaka rangi ya shaba na kuyaning'inizia taa. Ile mashine kubwa ya kunyoosha mashuka, iliyokuwa ikitutoa jasho hadi visiginoni, imewekwa katikati, na watu wanapiga picha wakiwa wameiegemea. Kaunta iko mahali palepale zilipokuwa meza zetu za pasi. Ni ya jiwe jeusi, na viti vyake ni virefu hata nikapanda kama mtu anayepanda ngazi ya dari. Nyuma yake alikuwapo dada mmoja mwenye nywele fupi, kazi yake kuchanganya vinywaji, anatikisa kopo la bati begani kama anayembembeleza mtoto. Niliagiza chenye tangawizi, ndimu na asali. Kilikuja na jani la mnanaa, na donge moja tu la barafu, kubwa kama kipande cha sabuni. Ni kitamu, sikufichi.

Juu ya kaunta, ndani ya fremu ya kioo yenye taa yake peke yake, wametundika kitambaa cheupe cha meza. Chini yake pana kadi: "Kazi ya msanii asiyejulikana." Nilikitazama hadi lile donge la barafu likayeyuka.

Ningekueleza zaidi, lakini karatasi imekwisha.

Mdogo wako,
Chiriku


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mwanangu amepanda cheo. Mwambie asianze kuchelewa kazini kwa sababu amepewa kiti kizuri. Hapa tu wazima. Mguu wa shemeji yako umepona, ila ameuzoea mkongojo na hataki kuuacha. Mama mkwe ametimiza miaka themanini na minne, na bado anahesabu mashuka kila Ijumaa. Wanafunzi wangu wa ushonaji ni sita. Wanne wanajua kukunja pindo, wawili wanajua kuzungumza.

Umesema karatasi imekwisha. Ninayo hapa mkononi. Nusu yake haijaandikwa kitu.

Nijibu haya. Je, kitambaa hicho kina alama ya uzi kwenye pembe? Ni ya rangi gani? Ni mishono mingapi? Ni nani aliyekitundika, na alikipata wapi?

Wala usinipigie simu. Simu ni ya kuulizia mgonjwa ameamkaje. Jambo zito huandikwa, lisije likabadilika njiani.

Dada yako


14 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mjukuu aliugua homa, kisha shemeji yako naye akaugua kwa kumwonea wivu. Sasa wote wamepona, na wote wanataka kubebwa.

Nimerudi kule mara ya pili, nimeingia peke yangu. Nilivuta kiti hadi chini ya fremu, nikavaa miwani. Alama ipo, Dada. Mishono mitatu ya uzi mwekundu, na mmoja umeikata katikati. Ni alama yako.

Mwenye baa, bwana mmoja mpole anayekunja mikono ya shati hata wakati wa baridi, aliniona nimesimama muda mrefu akaja. Nikamweleza kwamba hapa palikuwa dobi. Kwamba vitambaa vya karamu vililetwa kumi na viwili kumi na viwili. Na kwamba kila mpiga pasi alitia alama yake ya uzi kwenye pembe ya vitambaa alivyokabidhiwa, ili kosa likitokea lijulikane ni la nani. Akashangaa. "Kumbe si pambo!" Akaniambia mafundi walikipata walipovunja lile kabati kubwa la kukaushia. Kilikuwa kimesokotwa nyuma yake, ukutani.

Unaona basi? Hakikutoka nje ya jengo hata siku moja! Nilimweleza mwenye baa kwamba dada yangu alifanya kazi hapa na wenzake walimwita Jemadari. Anataka uje. Amesema kiti chako kipo. Utakuja lini? Ukija nitakuonyesha na viatu vipya vya mwanao, visigino vyake vinatisha.

Mdogo wako,
Chiriku


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima.

Nilikaa miaka thelathini na mmoja nikiwaza ni wapi kilikokwenda kitambaa cha kumi na mbili. Sasa najua. Nashukuru kwa hilo.

Wewe ulikuwapo siku ile, kwa hiyo sitakueleza, najikumbusha mwenyewe. Vilikuja kumi na viwili, vikahesabiwa kumi na kimoja. Yule mama Mkaguzi alitusimamisha sote, wanawake thelathini, akaja hadi mbele yangu akasema, "Fungua mkoba wako." Nikaufungua. Ulikuwa na kitana, leso na nauli. Haikusaidia. Alisema lazima nimekwisha kukitoa, kwa sababu alama ilikuwa yangu na dhamana ilikuwa yangu. Nikatolewa kwa mlango wa nyuma, ule wa maji machafu. Kabla ya juma kwisha habari ilikuwa imefika kwa wakwe. Tangu hapo mama mkwe hufunga kabati la mashuka kwa ufunguo, naye huuvaa shingoni. Hajawahi kunitukana. Anahesabu tu. Tangu tuhame, mji huo nimeukanyaga mara mbili tu, harusini kwako na tulipomzika Mama, nami nikaondoka jioni ileile.

Umenieleza rangi ya uzi, umenieleza kabati. Kuna jambo moja hukunieleza. Hakuna mtu anayetia kitambaa cheupe kitupu ndani ya fremu na kukiwashia taa. Juu yake pana nini?

Sitakuja kukaa hapo hadi nijibiwe.

Dada yako


11 Juni

Dada yangu,

Nimeandika barua hii mara tano, na mara nne nimeichana. Leo sitauliza hali wala kutoa habari za mtu. Watu wote ni wazima isipokuwa mimi.

Juu yake pana alama ya pasi, ya kahawia, kamili kama unyayo. Imeungua katikati kabisa. Wageni wanaona ni sanaa. Mwenye baa anasema inafanana na mashua, mwanao anasema ni tone la mvua. Mimi najua ni pasi, kwa sababu niliiweka mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, juma la tatu kazini, sina hata alama yangu. Ulinipa meza yako nijifunze, ukaenda uani kuanua mashuka. Wenzetu wakanichokoza, "Chiriku, hebu tuonyeshe Mkaguzi anavyotembea." Nikaweka mikono mgongoni, nikatoa tumbo mbele, nikapita katikati ya meza nikinusa kola za watu. Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nilipogeuka moshi ulikuwa unapanda. Nikakisokota, nikakisukuma nyuma ya kabati. Nilijiambia nitakuambia jioni.

Jioni ikaja na Mkaguzi. Ulipofungua mkoba nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Kinywa changu, kinywa hiki kisichonyamaza hata msibani, kilifungwa. Kesho yake walinipa alama yangu, mishono miwili ya bluu, na wakanipa meza yako. Nilikaa kwenye meza yako miaka tisa, Dada.

Usiku ule nilikumbuka kwamba pasi ingekuwa imegandiwa na uchafu wa kuungua, nao ungenisema. Asubuhi nikawahi kuisafisha. Nikaikuta safi, inang'aa. Nikadhani Mungu amenisitiri. Nikaona basi, kama Yeye amenyamaza, na mimi ninyamaze.

Sasa sinyamazi. Jumatatu nimemwambia mwenye baa. Jumanne nimekwenda hadi kwa Mkaguzi. Yu hai, anatembea kwa fimbo, masikio yamekuwa mazito. Ilibidi nikiri kwa sauti ya juu, na majirani wote wamesikia kabla yake. Jumatano nimewaambia mume wangu na watoto wangu. Wewe ni wa mwisho kuambiwa, na ndiye uliyestahili kuwa wa kwanza. Hata katika hili nimekosea mpangilio.

Siombi unijibu.

Chiriku


16 Juni

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako imefika leo saa nne. Naijibu leo saa nne na nusu.

Hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi, na chumvi.

Niliporudi kutoka uani na furushi la mashuka, niliikuta pasi imesimama mahali ambapo siiweki, na chini yake ni nyeusi. Nikakutazama usoni. Ulikuwa unakunja foronya moja kwa mara ya nne. Nikamwaga chumvi juu ya gazeti, nikaisugua pasi hadi ikatakata. Kitambaa sikukiona, nikadhani labda umekitia katika jiko la mvuke kikateketea. Mkaguzi aliposema nifungue mkoba, nilikuwa najua kila kitu isipokuwa mahali kilipo.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusema. Mimi nilikuwa na mume na ufundi wa cherehani. Wewe hukuwa na kitu ila domo. Wangekufukuza wewe, na Mama angekula nini? Nilipiga hesabu, nikaona mmoja wetu lazima atoke, nikatoka mimi. Huo ulikuwa uamuzi wangu, na sikuwahi kuujutia.

Nilichokasirikia ni kingine. Nilingoja useme. Nilingoja jioni ile, nikangoja harusini kwako, nikangoja siku ya kumzika Mama, tulipokaa kwenye mkeka mmoja na ukazungumzia bei ya mchanga wa kujengea. Ndiyo sababu niliondoka jioni ileile. Sikuwa nakingoja kitambaa, Chiriku. Nilikuwa naingoja barua hii. Imechelewa, mwandiko ni mbaya, na umeitilia machozi kwenye wino. Lakini ni kamili. Nimeipokea, na kwangu mimi jambo hili na wewe limekwisha. Usiniombe msamaha tena. Nikichoka kuusikia nitaufuta.

Sasa kwa wengine. Ninakuja Jumamosi ya tarehe 27. Nitaingia kwa mlango wa mbele. Mkaguzi awepo. Mwenye baa awe na bisibisi ya kufungulia fremu. Kinywaji nitaagiza mwenyewe. Na hadithi usiisimulie wewe, maana utaiongezea, nitaisimulia mimi.

Unaweza kuanza kuuliza hali za watu tena. Shemeji yako amesahau mkongojo sokoni akarudi anatembea vizuri.

Dada yako


2 Julai

Dada yangu, Jemadari wangu,

Shikamoo, tena shikamoo mbili. Umeondoka na basi la asubuhi na nyumba imepwaya. Shemeji yako amevirudisha vijiko na uma pamoja. Anasema wewe ulisema havina ugomvi.

Wewe mwenyewe umenifundisha kwamba jambo zito huandikwa. Basi naandika, kwa sababu Jumamosi ulikuwa umekaa kwenye kaunta na mgongo wako ulikuwa kwa watu. Hukuona yaliyotokea nyuma yako. Mimi niliona.

Ulipoingia kwa mlango wa mbele na lile koti la rangi ya zambarau, mhudumu alitaka kukufungulia, ukamwambia, "Subiri," ukausukuma mwenyewe. Nilikuwa nyuma yako na mwanao. Aliniminya mkono akaninong'oneza, "Mama, Mama Mkubwa anatembea kama anakuja kulinunua jengo." Ulipanda kile kiti kirefu bila kushikwa. Ukaisoma menyu yote kwa kidole, kutoka juu hadi chini, dada wa vinywaji amekusubiri kwa adabu, kisha ukaagiza kile nilichokunywa mimi.

"Asali kidogo," ukamwambia. "Barafu nitatazama mwenyewe."

Alipoanza kutikisa kopo lake ukamwambia, "Mwanangu, kitazimia hicho." Meza ya nyuma yako walicheka wote. Walikuwa wanakusikiliza tangu ulipoingia, hukujua tu.

Mwenye baa alipokuja kukusalimu, ukamshika mkono wa shati badala ya mkono. "Huu umepigwa pasi kinyume. Nani anakupigia?" Akasema, "Mimi mwenyewe, Mama." Ukamwambia, "Inaonekana." Dada, tangu siku hiyo hakunji mikono tena, ananyoosha.

Kisha ukasimulia. Hukupaza sauti. Ulisema kama unavyosoma orodha: vilikuja vingapi, vikahesabiwa vingapi, nani aliunguza, nani aliisafisha pasi, nani alitoka. Uliponitaja nilitamani jiwe la kaunta lifunguke niingie. Lakini hukunitaja kwa ubaya wala kwa huruma. Ulinitaja kwa usahihi. Nikainua uso. Wakati huo dada wa vinywaji alikuwa amenyoosha mkono akapunguza muziki. Watu walikuwa wameacha kula, mmoja uma wake umesimama njiani.

Mkaguzi aliposogea na fimbo yake, nilidhani atakaa. Hakukaa.

"Nilikuwa nafanya kazi yangu," alisema.

"Na mimi nilikuwa nafanya yangu," ukamjibu. Ndipo ukauweka mkoba wako juu ya kaunta. "Mkaguzi, safari ile uliniambia niufungue. Leo naufungua mwenyewe. Tazama vizuri."

Ukatoa miwani. Ukatoa leso. Ukatoa kikopo cha sindano, na kidonge cha uzi. Yule mama alivitazama kimoja kimoja. Akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "Nilikosea, binti! Nilipaswa kusema mbele ya wale thelathini. Wengi hawapo. Nasema mbele ya hawa!" Hukugeuka. Ulimsogezea kiti kwa mguu. Ukamwambia, "Kaa basi, kinywaji chako nakilipia mimi." Nyuma yako, Dada, mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha meza, na nikashukuru hukumwona.

Mwenye baa aliposhusha fremu na kuifungua, nilidhani utakichukua. Sote tulidhani hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameandaa mfuko. Wewe ukakitandaza kwenye kaunta, mahali palepale meza yako ilipokuwa, ukakinyoosha kwa kiganja mara mbili. Ukatunga uzi sindanoni kwa mara ya kwanza tu, bila kulamba. Uzi ulikuwa wa bluu.

Mishono miwili. Kando ya ile yako myekundu.

"Kazi ya mtu ibebe alama yake," ulisema, ukakata uzi kwa meno. Wote walikuwa wamekwisha kusimama zamani, meza ya kochi, meza ya dirishani, wafanyakazi wa jikoni wamejaa mlangoni na kofia zao. Ulipogeuka ukasikia makofi ukadhani yameanza hapo. Yalianza ulipotunga sindano.

Na hili pia hukuliona, kwa sababu ulikuwa unamaliza glasi yako. Mwenye baa aliponyofoa ile kadi ya msanii asiyejulikana akakuuliza aandike nini, ukamwambia bila kufikiri: "Andika: Kitambaa cha kumi na mbili. Hakikuibwa." Akauliza, "Tusiongeze jina?" Ukasema, "Alama zipo." Alipokwisha kuandika, ile kadi ya zamani aliikunja akaitia mfukoni. Jana nimepita pale. Kadi imekaa sawa, taa imewashwa, na kile kinywaji cha tangawizi wamekiandika upya kwenye menyu. Kinaitwa Jemadari. Kinakuja na onyo: kisitikiswe sana.

Nakungoja tena. Sasa ninajua kuandika.

Chiriku wako


10 Julai

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Safari ilikuwa nzuri. Abiria wa kando yangu alisinzia begani mwangu njia nzima, nami nilikuwa na furaha nikamwacha.

Umeongeza chumvi mahali pawili. Sikumsogezea Mkaguzi kiti kwa mguu. Nilikisukuma kwa goti. Na koti langu si la zambarau. Mengine ni sahihi, nami nimeiweka barua yako pamoja na ile ya Juni.

Mwanangu alinipa picha aliyoipiga: fremu, kadi, na mimi nimekaa kwenye kile kiti na glasi mkononi. Niliiweka mezani mbele ya mama mkwe wakati wa chai. Alivaa miwani yake, akasoma ile kadi polepole, akairudia. Akaniuliza, "Ndicho kile?"

"Ndicho."

"Na hapa umekaa wapi?"

"Baa, Mama."

"Unakunywa nini?"

"Tangawizi."

Akaitazama tena picha kwa muda mrefu. Akasema, "Kiti ni kirefu. Umekaa vizuri." Kisha akainua mikono nyuma ya shingo, akahangaika na fundo, hakutaka kusaidiwa, hadi kamba ikafunguka. Ufunguo wa kabati akauweka juu ya picha, akaendelea kunywa chai.

Leo ni Ijumaa. Mashuka hayajahesabiwa.

Dada yako,
Jemadari